Kifo cha Pili cha Emlyn Prothero

Kwa heshima zote zinazostahili, natangaza mbele ya taifa, wazazi na wapishi wa shule kwamba mwandishi mkuu wa riwaya za mauaji kutoka Wales, Emlyn Prothero, alizaliwa katika nyumba ya mawe, siku ya mvua kubwa, akilia kwa sauti ya mtu mwenye jambo zito la kuwaambia binadamu.

Alizaliwa Jumanne, saa ya chakula cha mchana, kati ya sahani yangu ya maharagwe na sahani ya Uwingabire. Alizaliwa akiwa na miaka sabini na mmoja na tayari amekwisha kufa. Jina lake la kwanza nililiokota kwenye atlasi ya shule. La pili lilikuwa limeshonwa ndani ya kola ya koti la mvua ambalo Papa, baba yangu, alininunulia kwenye mitumba ya Sake. Mzazi wake ni mimi, Elodie, wa mwaka wa tano katika shule ya bweni iliyo mlimani juu ya Burungu, na nilimzaa kwa sababu moja tu: kumwaibisha mwalimu Sébastien mbele ya watu wengi iwezekanavyo.

Nilikuwa na kaye, daftari nene ambamo kwa miezi saba niliandika riwaya ya mauaji. Inaanza na mbwa wa kuwinda anayepita kijijini alfajiri bila sauti, kengele yake ya mti imejazwa majani. Jua linapotoka, mtu mmoja amekufa. Mwalimu Sébastien, mtu wa Goma anayetufundisha Kifaransa, alinikuta naiandika katika somo lake. Aliinyanyua kwa vidole viwili kama panya aliyeoza, akasoma mistari mitatu kwa darasa zima.

"Umenakili wapi?"

"Sijanakili, Mwalimu. Ni yangu."

"Yako. Wewe wa Mpofi, wa kule porini Walikale, wewe njo unaandika mambo ya polisi? Andika nyani, dada. Nyani unazijua."

Darasa lilicheka. Hata Uwingabire, jirani yangu wa kitanda, alicheka, kisha akaja kuniomba msamaha kwa ndizi mbili. Mwalimu alisema ataisoma kaye yote, atafute ilikoibwa, halafu ataichoma. Kabla ya siku hiyo, naapa, sikuwa na neno lolote na mtu yule.

Baada ya siku hiyo nilikuwa nalo.

Siku ya wazazi ilipokaribia, alitugawia kazi: kila mmoja aeleze maisha ya mwandishi mashuhuri. Nilimwendea nikiwa nimeinamisha kichwa kama mtawa.

"Mwalimu, mimi nimemchagua Emlyn Prothero wa Wales. Sijui kama unamjua."

Alivua miwani, akaifuta taratibu. "Prothero. Nani hamjui Prothero? Nilimsoma sana chuoni."

Nilitoka nje nikauma mkono wa sweta ili nisicheke.

Wiki mbili nilimlea marehemu wangu. Nilimfanya mpeleka barua, aliyejifunza siri za watu kwa kunusa bahasha. Nikampa riwaya thelathini na moja, zote zilizoandikwa jikoni, na mke aliyemkimbia baada ya kujikuta anapewa sumu katika sura ya nne. Na ndani ya kitabu chake bora nikaweka mistari yangu mitatu, ileile. Nilitaka mwalimu aisifu kwa mdomo uleule ulioicheka. Hapo ndipo ningemaliza kwa kusema: huyu mwandishi hakuwahi kuzaliwa, basi aliyemsoma chuoni na asimame.

Siku ilifika. Wazazi walijaa kwenye ukumbi, Papa akiwa mstari wa pili, amesafiri siku mbili kutoka Mpofi, viatu vyake vimevaa matope hadi kwenye kamba. Mbele aliketi Mama Hélène, prefe, mkuu wa shule yetu, mwanamke ambaye akikohoa hata mbuzi wa jirani wanajipanga mstari.

Nilieleza maisha yote ya marehemu wangu. Nilipoisoma ile mistari ya mbwa, darasa langu likaanza kunong'onezana. Mwalimu Sébastien alisimama bila kuitwa.

"Wazazi, mumesikia. Mistari hii niliisoma mara nyingi. Huyu njo mwandishi. Hakuna mutoto wa hapa anaweza kuandika hivi."

Nilinyamaza kidogo ili niinywe furaha ile polepole. Hilo lilikuwa kosa langu, maana Mama Hélène alisimama kabla sijafungua mdomo. Mkononi alikuwa na kaye yangu.

"Elodie, ngoja. Mwalimu aliniletea hii, akasema umeiba. Nimeisoma yote, na nikakutetea. Leo nasikia kutoka mdomo wako kwamba mwanzo wake ni wa Muzungu. Mwizi hatabaki katika shule hii."

"Mama Prefe, huyo Muzungu hayuko. Nilimtunga."

"Hayuko aje?" akasema mwalimu. "Nimemsoma mimi mwenyewe."

Ukumbi mzima ulinitazama. Nilikuwa nimemchimbia shimo zuri, refu, lenye kingo laini, na humo ndani nilikuwa nimesimama mimi. Kadiri alivyoshikilia uongo wake, ndivyo kitabu changu kilivyozidi kuwa cha mtu ambaye hayupo.

Ndipo Papa akasimama, kofia mkononi.

"Mama Prefe, naomba neno. Mimi niko Benoît wa Mpofi, niko muwindaji. Mwalimu, huko kwa Wazungu mbwa wanavaa kengele ya muti?"

"Wanavaa, Papa. Iko kwenye kitabu."

"Na majani ya kujaza ndani, isilie. Wanaweka mabichi ao makavu?"

Mwalimu alifikiri kidogo. "Makavu."

Kutoka nyuma, ambako wazazi wengine wa Walikale waliketi, kilitoka kicheko kizito.

"Makavu yanalia, Mwalimu," Papa alisema kwa upole. "Mbwa wa majani makavu, hata mubibi kiziwi anamusikia. Mutoto wangu anajua, yeye njo alikuwa ananichumia. Elodie?"

"Mabichi, Papa. Ya kukatwa asubuhi ileile."

Mama Hélène alifungua kaye, akapitisha kidole chini ya mstari. "Ukurasa wa pili. Mabichi, ya kukatwa asubuhi ileile." Akamgeukia mwalimu. "Ulinihakikishia umeisoma yote. Ukurasa wa tatu, nani anakufa?"

Mwalimu Sébastien aliangalia dari. Dari haikumsaidia. Nakiri kwamba nilimtazama akitoka jasho, na lilikuwa tamu kuliko nilivyopanga.

"Elodie," akasema Papa, "huyu Muzungu iko wapi?"

"Hayuko, Papa. Jina lake liko kwenye kola ya koti langu. Nilimtunga ili mwalimu aaibike."

Papa aliketi, akaficha uso ndani ya kofia. Mabega yake yalitikisika, na sikuweza kujua ni aibu au ni kitu kingine.

"Basi kaye iko yako," alisema Mama Hélène, lakini hakunipa. "Sasa nijibu wewe. Tarehe ya mwanzo humu ni ya mwezi wa tisa, muda mrefu kabla Mwalimu hajaichukua. Ukurasa wa tatu, nani anakufa?"

Msomaji, pale juu niliapa kwamba sikuwa na neno na mtu yule. Nilidanganya.

"Mwalimu wa Kifaransa, Mama. Mwenye miwani."

"Na anakufa haraka?"

Niliangalia viatu vya Papa.

"Kurasa tisa, Mama."