Nembo ya Dada

Kazi ya kuchora nembo, msiidharau jamani, inachosha kuliko kubeba zege. Mbeba zege akishalimwaga, limekwisha. Hakuna atakayemrudisha akalimwage upya, safari hii liwe la bluu.

Bi Nembo, ndivyo wateja walivyomwita, alikuwa na chumba chake ghorofani juu ya duka la vioo: meza, kompyuta inayonguruma, na kiti kilichopoteza mkono mmoja. Humo walipita watu wa kila aina. Kulikuwa na muuza maji ya chupa, ambaye yeye alimbatiza Bwana Ongeza, kwa sababu kila akionyeshwa kazi neno lake lilikuwa hilo hilo, ongeza kidogo, nembo haionekani. Daktari wa meno alitaka tabasamu lenye meno yote, hata yale ya nyuma kabisa ambayo mtu mwenye akili timamu hamwonyeshi mwenzake. Wenye chekechea walikuja kundi zima, wakagombana wenyewe kwa wenyewe mbele yake, wakaondoka bila kuaga. Wote akawachorea. Macho yalimwasha, mgongo ulimuuma, na kila mteja alikuwa na haraka utadhani anakimbizwa.

Asiyekuwa na haraka alikuwa mmoja tu, dada yake.

Dada huyu ndiye aliyemlea, na mpaka leo humwita Kitinda. Mama yao alipofariki, dada aliacha shule akakaa kwenye cherehani ya watu, kwenye baraza ya watu, na kwa cherehani hiyo mdogo wake akasoma mpaka chuo. Sasa mvi zimeanza kumchungulia, ndipo amepata chumba chake mwenyewe cha kushonea, chenye mlango wake na ufunguo wake. Maisha yake yote hakuwahi kumwomba mdogo wake kitu. Safari hii aliomba: kibao cha mlangoni, chenye nembo iliyochorwa na mdogo wake kwa mkono wake mwenyewe. Na hata hapo aliomba kwa kunyenyekea, kana kwamba anamsumbua. Alisema, akipata nafasi.

Nafasi ndiyo haikupatikana. Kesho ikazaa kesho. Dada akipiga simu, Bi Nembo ana mtu mbele yake. Akipiga tena, ana mwingine. Ikafika mahali akawa anaona haya kuipokea. Siku ya kufungua ikakaribia na kichwani hamna kitu, kweupe. Alikuwa amechoka hata akifumba macho anaona chupa za maji.

Basi akafanya jambo ambalo wenzake wote wa kazi hii wamewahi kulifanya, na anayekana ni mwongo. Alifungua faili la michoro iliyokataliwa. Mle ndani kulikuwa na kitambaa kilichokunjwa, pindo lake likining'inia upande mmoja, mstari mmoja tu uliokwenda bila kukatika. Kizuri, hilo lazima lisemwe. Alikuwa amemchorea mzee mmoja wa huduma za mazishi, mwenye majeneza na gari la kubebea maiti. Kitambaa kile kilikuwa sanda. Mzee alikitazama kwenye simu yake, akasema kinamkumbusha duka la nguo, yeye anataka njiwa.

Duka la nguo. Si ndilo hili? Bi Nembo akageuza kijivu kuwa rangi ya chungwa, akaandika jina la dada chini yake, akaipeleka kazi kwa mchora vibao kabla nafsi haijamsuta.

Dada alipokiona kibao alikisogelea. Alipitisha kidole juu ya lile pindo la rangi, polepole, kama anayetafuta mshono. Kisha akasema mtu asiyekulia karibu na cherehani hawezi kulijua pindo namna hii. Kumbe mdogo wake alikuwa akimtazama siku zote zile. Akawaita majirani waje waone. Bi Nembo alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma, akasingizia kazi, akaondoka.

Sasa wateja wana tabia yao. Utawachorea mpaka ukome, na mwisho wa yote watarudi kwenye ule mchoro wa kwanza. Mzee wa mazishi alipanda ngazi asubuhi moja, uso umemkunjuka, akaeleza kwamba wanawe wamemkataa njiwa, wanasema ni kuku. Wamerudi kwenye kitambaa. Bi Nembo akamwambia kile kimeshakwenda kwingine. Mzee akashangaa, kimekwendaje, naye ameshakitumia? Akamwita dirishani. Chini, kando ya barabara, gari la maiti lilikuwa limeegeshwa, na kwenye mlango wake sanda ya kijivu, kubwa, pindo likining'inia.

Mzee hakuwa na kosa. Mchoro ulikuwa wake tangu mwanzo. Na gari lile lingepita kila mtaa, mpaka siku mteja mmoja amuulize dada kama anawashonea walio hai au marehemu. Bi Nembo akachukua mkoba wake akatoka.

Alimkuta dada anatia vifungo kwenye shati. Alimweleza yote akiwa amesimama mlangoni, bila kupamba. Dada alitoka nje, akakitazama kibao kwa muda mrefu, akarudi akakaa.

"Nilikuwa nimechoka, dada."

"Najua. Na sanda haijanikasirisha, hata sanda ni kitambaa. Lakini umenipa kiporo, Kitinda. Kiporo nimekila sana mimi. Nilikuwa nakila ili wewe upate cha moto."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Bi Nembo alilia pale pale mlangoni, kwa sababu neno hilo lilikuwa kweli, na alilijua tangu alipolifungua lile faili.

Walikiteremsha kibao pamoja, mmoja kashika kigoda, mwingine analegeza skrubu. Kisha Bi Nembo akakaa kwenye meza ya kukatia, akavuta karatasi na chaki ya fundi. Simu ikaita, akaizima bila kuangalia ni nani. Alitaka kuanza, akakumbuka swali moja. Wateja wote aliwauliza hili kabla ya jingine lolote, na huyu hakuwahi kumuuliza.

"Dada, wewe unapenda rangi gani?"

Dada aliiacha sindano. Alifikiri, akaangalia rafu iliyojaa vitambaa vya watu.

"Sijui," alisema. "Mimi nguo zangu nilikuwa nashonea vipande vilivyobaki."

Bi Nembo aliweka chaki chini, akainuka, akaanza kuvishusha vitambaa kimoja kimoja na kumwekea mapajani.