Pampu ya Shukrani

Kila asubuhi, kabla ya kushika mpini wa pampu ya kanisa, wanawake walitua ndoo zao, wakakohoa kusafisha koo, kisha wakaimba. Aliyeimba alipata maji. Asiyeimba alipata upepo.

Kosa lilikuwa lao, na hawakulikana. Siku ya uzinduzi wafadhili walichelewa, wanawake wakashinda juani wakiimba wimbo wa shukrani kabla mpini haujasukumwa hata mara moja. Pampu ikazoea vibaya. Mwinjilisti, ambaye ndiye msimamizi wa mradi, aliwaambia wakubwa wake kwamba watu wa huku wana moyo wa shukrani ajabu, nao wakampongeza.

Aliyeongoza wimbo siku ile ni Mama Kinanda. Walimwita hivyo kwa sababu kanisa halikuwa na kinanda, na sauti yake ilitosha. Mumewe alikwenda mbali kutafuta kazi, akatafuta na mke huko huko. Mama Kinanda alibaki na binti mmoja, ndio kwanza anajifunza kusimama.

Mwaka huo wageni walimiminika. Leo wamekuja hawa kupiga picha, kesho wale kutazama kilichopigwa picha. Mama Kinanda aliwaimbia wote, mpaka asubuhi moja akafungua kinywa pale pampuni na sauti haikutoka. Akapiga makofi. Akapiga magoti. Akasukuma mpini, ukatoka upepo.

"Lete ndoo, dada yangu," jirani yake akasema. "Nitakuimbia mimi."

Aliimba, ndoo ikajaa. Walipofika mlangoni kwa Mama Kinanda ilikuwa kavu, kwa maana maji yale hayakuingia kwa mtu ambaye hajashukuru mwenyewe. Walirudia na kurudia, hadi koo la jirani nalo likaanza kukwaruza, na ana watoto wa kuwanywesha. Mama Kinanda akamwashiria aache.

Alikwenda kwa mwinjilisti, akamwonyesha koo lake kwa kidole. Mwinjilisti alimwonea huruma ya kweli.

"Pole sana, mama. Lakini nikisema pampu ina kasoro, wenzetu wa ng'ambo ya mto hawatachimbiwa yao. Vumilia kidogo, sauti itarudi."

Basi Mama Kinanda akarudi kwenye dimbwi la ng'ombe, walikochota kabla ya pampu. Kuni zilipopatikana alichemsha, zilipokosekana alichuja kwa kitambaa. Mtoto akaanza kuharisha. Mhudumu wa zahanati alimpa pakiti za dawa, akamsisitizia azichanganye na maji safi.

Mtoto alifariki mchana. Mama Kinanda alilia mpaka kilio kikamrudishia sauti, nyembamba na yenye mikwaruzo. Wanawake walipoleta maji ya dimbwi wamwoshe marehemu, maana ya pampu yangekauka mlangoni, akayamwaga nje.

"Haya ndiyo yaliyomuua. Simwoshi nayo."

Akachukua ndoo, akaenda pampuni. Wenzake wakampisha. Kifuani alikuwa na matusi tu, na alilichukia kila neno la wimbo ule. Aliuimba wote, beti zote, hata ule wa kuwaombea wafadhili maisha marefu. Kisha akasukuma mpini.

Maji yakatoka kwa nguvu, baridi na meupe. Alipouachia mpini yakaendelea kutoka yenyewe. Shukrani ya namna hiyo pampu haikuwa imewahi kuipokea, ikatosha kwa wote. Jirani zake walitazamana, wakainamisha macho, wakasogeza ndoo zao moja moja wakakinga. Walikuwa na aibu, lakini nyumbani kulikuwa na watoto wenye kiu.

Mwinjilisti alikuja kutoa pole, kofia mkononi. Alipokuwa akitoka alimvuta jirani pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini kama angeweza kuongoza wimbo Alhamisi, maana kuna wageni. Jirani akasema ataweza.

Ndani, Mama Kinanda alimwosha mwanawe taratibu, vidole vya mikono, vidole vya miguu, nyuma ya masikio. Alipomaliza, ndoo ilikuwa bado imejaa nusu, maji safi kabisa ya kunywa.