Usikue Kabla Sijarudi

Asubuhi Oygul alipoondoka kwenda Urusi kutafuta kazi, mama mkwe wake, Bibi Hosiyat, alitoa tanurini mkate wa duara ukiwa bado wa moto. Oygul akauuma upande mmoja, kama afanyavyo kila msafiri wa Bonde la Fergana, na uliobaki ukatundikwa ukutani umsubiri aje aumalize. Aliyeutundika ni binti yake Zulhumor, mwenye miaka tisa. Alipanda kigoda, akasimama kwa vidole, akaufikisha kwenye msumari.

Oygul akacheka. "We kifaranga, usikue kabla sijarudi."

"Sawa, mama."

Hakukua. Miaka mitano ilipita, na kwenye mwimo wa mlango alama ya kimo chake ilibaki moja. Mtaa ule ulikuwa na watoto saba wa namna hiyo, wote mama zao wako mbali, na shule iliwawekea madawati ya chini katika kila darasa. Jirani Shoira, kila akija kuomba hamira, hakuacha utani.

"Bibi Hosiyat, wewe una bahati yako! Wenzio kila mwaka tunanunua viatu."

"Chukua hamira uende zako."

Darasa la nane, Mwalimu Mukarram aliwagawia riwaya ya zamani ambayo hata wazazi wao waliisoma. Ilimhusu binti wa mfuga nyuki, tangu anang'oka jino la kwanza mpaka siku anamzika baba yake. Kila mwanafunzi aisome, kisha aandike amejifunza nini.

Zulhumor alisoma sura ya kwanza karibu na jiko, Bibi akichambua mchele. Alipofunga kitabu, mikono ya gauni haikufika tena viganjani.

"Simama nikuone," Bibi alisema. Akatafuta sindano, akashusha upindo vidole viwili.

Sura ya pili, akaushusha tena. Baada ya hapo Zulhumor alikiweka kitabu juu ya kabati na hakukigusa.

"Mbona humalizi?" mwalimu alimuuliza. "Bila insha huingii darasa la tisa."

"Nikimaliza nitakuwa mkubwa, mwalimu. Mama hatanijua."

"Mwenzako Fotima, naye wa madawati ya chini, kasoma chote, leo ananizidi kimo hata mimi. Mama yake kalalamika?"

"Mama yake Fotima hajarudi."

Mwalimu akakuna shingo. "Basi nakupa mpaka Nairuzi, mwaka mpya wa mwezi wa Machi."

Oygul alipiga simu kila Jumapili. Huko Urusi alikuwa akilea mtoto wa watu.

"Mwanangu, Nairuzi hii siji. Huyu mtoto hakubali kubaki na mtu mwingine. Na amekua, hasemeki! Ananifika begani. Kila mwezi namsimamisha mlangoni nampima." Zulhumor akageukia mwimo wa mlango wao. "Upo?"

"Nipo, mama."

Siku hiyohiyo, tangu adhuhuri mpaka chai ya jioni, Zulhumor alisoma sura kumi zilizobaki bila kuinuka. Bibi alikaa ubavuni pake na mkasi, akifumua mshono kila ulipombana. Alipofika mwisho, alikuwa mwanamke mzima. Bibi akamvika gauni lake mwenyewe, akamsimamisha mlangoni. Penseli hakuiona, akatia alama kwa kipande cha mkaa.

Insha ilikuwa fupi. "Binti wa mfuga nyuki hakuachwa hata ukurasa mmoja. Kila akiongezeka, yupo mtu wa kuandika kwamba ameongezeka. Mimi ninaye Bibi, lakini macho yake yana ukungu. Nimejifunza kwamba kukua si kazi. Kazi ni kukua wakati unayemtaka akuone anamtazama mwingine."

Mwalimu Mukarram aliisoma mara mbili, akampa alama nne kati ya tano. Chini aliandika: Hukutaja nyuki.

Oygul alikuja mwezi wa Agosti, kwa siku nne. Uani alimkuta mwanamke anafagia.

"Mdogo wangu, Zulhumor yupo?"

"Yupo, mama. Karibu."

Oygul akautua mfuko chini. Akaufungua, akatoa gauni jekundu, akalipima kifuani pa binti yake. Halikufika kiunoni.

"Labda limerudi," alisema. "Nililifua kabla ya kuja."

"Labda, mama."

Mkate wa ukutani ulikuwa mgumu kama kigae. Oygul aliuchovya kwenye chai, akautafuna jioni tatu mfululizo mpaka ukaisha, maana mkate wa msafiri hautupwi.

Siku ya nne Bibi akatoa mwingine tanurini. Oygul akauma upande mmoja. Akamtazama binti yake, akataka kusema neno, kisha akatafuna, akameza. Nje gari likapiga honi.

Lilipoondoka, Zulhumor aliuchukua mkate, akautundika kwenye msumari uleule. Hakuhitaji kigoda.