Minyoo Iliyokimbia Kwao

Minyoo ilikimbia kwao. Iliwekwa kwenye bamba la jeli lililokuwa baridi upande mmoja na moto upande wa pili, na badala ya kurudi kwenye joto ililolelewa ndani yake, ikalikwepa kama watu waliosikia mbwa amefunguliwa.

Mtafiti aliinua jicho kutoka kwenye hadubini.

"Mpishi, hebu njoo uone ulichonipikia."

Walimwita Mpishi kwa sababu ndiyo kazi aliyoizeekea pale maabara: kuchemsha jeli, kuimimina kwenye visahani, na ikishaganda kudondosha juu yake tone la bakteria, chakula cha minyoo. Aliinama, akatazama vijiuzi vyeupe vikijinyonganyonga.

"Labda mashine ya joto, Dada."

"Mashine nimeipima. Mnyoo hulikumbuka joto uliloshibia, na ukiupeleka kwingine utalitafuta. Ukiona unakimbia kwao, ujue kwao uliona njaa. Visahani vya Jumanne ulivitilia chakula?"

Jumanne hiyo, mkewe alimpigia simu jeli ikiwa bado ya moto. Alikuwa akihudumia wazee nchi ya baridi, na mkataba ulikaribia kwisha. Tajiri wake alitaka aongeze miaka miwili. Mpishi alisema, "Rudi." Akasema tena, "Rudi." Simu ilipokatika alivipanga visahani kabatini vilevile, vitupu.

"Sikutia," alisema.

"Afadhali umesema. Ningewalaumu wasio na mdomo wa kujitetea."

Mpishi alisimama akizungusha glavu mkononi. "Na ile unayoihamishia kwenye baridi, ukailisha hukohuko?"

"Saa chache tu inazoea. Huko ndiko kunakuwa kwao. Si ubaya wa roho, Kaka. Ni tumbo."

Mpishi aliingia chumba cha kuoshea vyombo, akafunga mlango, akapiga simu.

"Bwana wee, mbona saa za kazi?" mkewe aliuliza. "Wamekufukuza?"

"Bado wanafikiria. Unakula vizuri huko?"

"Swali gani hilo? Nakula. Koti halifungi siku hizi."

"Na baridi?"

"Nimeizoea. Sasa mimi ndiye nafungua dirisha, wenyewe wananuna."

Wakacheka wote wawili. Kicheko kilipokwisha, lile neno "Rudi" lilikuwa tayari mdomoni mwa Mpishi. Akakumbuka mwaka wa mwisho kabla mkewe hajaondoka, jinsi mke huyo alivyokuwa akimsogezea sahani yake na kusema ameshiba, halafu gizani tumbo lake likanguruma, na kila mmoja akajifanya amelala.

"Weka saini," alisema.

"Jumanne si ulisema nirudi?"

"Jumanne nilisema kwa ajili yangu."

Akamsikia mkewe akipenga kamasi.

"Haya," mkewe alisema. "Ule basi na wewe."

Visahani vyote vya Jumanne vilitupwa. Mtafiti alilea minyoo upya, wiki tatu, na wiki zote tatu alimsalimia Mpishi kwa kichwa tu. Mke alisaini miaka miwili. Mitatu ilikuwa imekwisha kupita. Jumla mitano.