Foleni ya Madumu

Mwanangu Zakia amesoma mpaka kidato cha sita, na elimu yote hiyo imemfundisha kupanga madumu. Ndivyo nilivyowaambia wateja pale kibandani kwangu, ninapouza vitenge karibu na mpaka, na Wazambia wakacheka wakasema, "Mayo," yaani mama kwa lugha ya kwao, "mwanao ana akili." Walikuwa wananibembeleza niwapunguzie bei. Nami nikacheka, maana nilikuwa naona aibu.

Mambo yenyewe yaliletwa na Mwalimu Sadock, kijana mwenye skafu shingoni hata jua likiwaka, anayejiita mlezi wa klabu ya sanaa. Alitangaza shuleni kwamba atakuja mgeni kutoka Dar es Salaam kutafuta mwanafunzi mmoja, mmoja tu, wa kusomeshwa bure chuo cha sanaa huko pwani. Kila mwenye kipaji atengeneze kazi kwa kifaa cha nyumbani. Wengine wakakimbilia vijiti vya kiberiti na maganda ya mayai. Wangu akachagua dumu, lile la njano la mafuta ya kula, ambalo Tunduma utalikuta hata kwenye nyumba isiyo na kitanda.

Zakia hakuwa na pa kwenda pengine. Alama zake za darasani zilikuwa za kumleta nyuma ya kibanda changu, akunje vitenge mpaka azeeke. Alijua, na mimi nilijua. Alikitaka chuo hicho mpaka chakula kikawa hakipiti. Ndiyo maana nilimdharau kwa sauti: nilidhani akizoea dharau yangu, ya mgeni haitamuumiza.

"Eleza basi," nilimwambia jioni moja, alipokuwa anachora kwa mkaa kwenye sakafu ya uani.

"Ni foleni, mama. Inaanzia barabarani, inapinda pale kwa fundi baiskeli, inaishia kwenye bomba la diwani. Mgeni anaifuata mpaka mwisho, anafungua koki, hakuna kitu."

"Hiyo mimi naiona kila siku bila kusomeshwa."

"Wewe unaiona. Yeye hajaiona."

Bomba la diwani liko nje ya ukuta wa shule. Mheshimiwa alilikatia utepe mwaka wa uchaguzi, akapigiwa vigelegele, akanywa soda, na tangu siku hiyo kilichowahi kutoka humo ni mjusi.

Mwalimu Sadock alitaka madumu yapakwe rangi za bendera. Zakia akakataa. Aliyataka kama yalivyo, yenye matope na alama za wenyewe: kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye mkono, msalaba uliochomwa kwa kisu cha moto, jina la mume aliyekwisha kukimbia. Mwalimu akasema hiyo siyo sanaa, ni uchafu. Na yeye hajawahi kuchora hata kuku. Kwa hilo peke yake nilikuwa upande wa binti yangu, ila sikumwambia.

Kwetu sisi dumu ndilo linalosimama foleni. Unaliweka alfajiri, unakwenda zako sokoni, na hakuna wa kuligusa. Kusogeza dumu la mtu ni kumsogeza mwenyewe, na watu wametoana meno kwa sababu hiyo. Na kwa kuwa maji hayana ratiba, ukiona madumu yamejipanga huulizi, unakimbia na lako. Kila mtoto wa mji huu anayajua hayo. Lakini klabu nzima ya sanaa ilikaa ikipanga kuweka foleni hadharani, na mwalimu wao katikati, bila hata mmoja kukumbuka kwamba foleni huita watu.

Jumamosi wakayapanga asubuhi. Mgeni, kama kawaida ya wageni, akachelewa. Gari lake lilikwama nyuma ya malori yanayosubiri kuvuka. Nilifunga kibanda nikaenda kusimama kwa fundi baiskeli, dumu langu mkononi, maana nilikusudia kupita baadaye kwenye bomba la msikitini, ambalo hutoa mara mojamoja. Kusema kweli nilikwenda nicheke kwanza.

Wa kwanza kufika alikuwa jirani yangu Mwamvua, mtoto mgongoni na dumu kila mkono. Hakuuliza. Aliyaweka chini akashusha pumzi. Nyuma yake akaja Sekela, na nyuma ya Sekela mtaa mzima. Kufumba na kufumbua foleni ilikuwa mara mbili ya ile ya Zakia, na watu wanatukanana nani katangulia. Mwalimu Sadock alizunguka na skafu yake akisema, "Akina mama, mnaharibu kazi ya wanafunzi," akapigwa kikumbo.

Zakia akapanda juu ya jiwe kando ya bomba. Angeweza kunyamaza. "Samahanini mama zangu," akasema, "maji hayatoki. Hii ni sanaa."

Sekela ni mama mtu mzima, Mnyiha asiyependa kupotezewa muda. "Ati sanaa," akasema. "Inanyweka hiyo?"

Wakacheka kicheko kibaya. Mtoto mzima anachezea madumu, wakasema. Wazazi wanasomesha ujinga. Yalikuwa maneno yangu hasa, niliyoyauza kibandani pamoja na vitenge, na kutoka midomoni mwao yalinichoma. Wakaanza kuchukua madumu yao, na yale ya wanafunzi wakayapiga mateke. Moja likabingirika mpaka mtaroni. Zakia alishika koki kwa mikono miwili, hakulia, na mimi nikataka kumpasua mtu. Kule barabarani gari jeupe lilikuwa limeanza kupenya kati ya malori.

Mtaani nina sifa moja: sisimami pasipo na maji. Madiwani wawili wamejaribu kunidanganya wakashindwa. Basi nikatembea mpaka mwisho wa ile foleni iliyobomoka, nikaweka dumu langu chini, nikakunja mikono.

Mwamvua akasimama. "Mama Zakia, kwani yanatoka?"

"Yanatoka," nikasema. "Huyu mtoto anajua nini."

Ilitosha. Wakarudi, wakayanyoosha madumu, hata lile la mtaroni, wakasimama kila mtu kwenye lake. Zakia alinitazama kama mtu asiyenijua, kisha akafunga mdomo.

Mgeni alikuwa mwanamke mfupi, viatu vimejaa vumbi. Aliifuata foleni polepole mpaka mwisho. Akafungua koki, akasubiri, akageuka akatutazama sisi wote tuliokuwa tunamwangalia yeye na bomba. Hakusema neno hata moja la sanaa, jambo lililonikera, maana dharau yangu kwake nilikuwa nimeshaiandaa. Akamwambia Zakia, "Ukimaliza mtihani, jiandae. Nakuchukua wewe."

Tulikuwa bado tumesimama alipopita mtu na baiskeli iliyosheheni madumu yanayodondosha maji. Akasema bomba la msikitini limetoa tangu asubuhi na sasa limekata, na kwamba wameshangaa kutotuona.

Walibeba madumu yao matupu wakaondoka mmoja mmoja. Mwamvua peke yake alinifuata, mtoto akilia mgongoni. Nikamwambia kwamba binti yangu amechaguliwa.

"Hongera, mama Zakia," akasema. "Sasa huyu nikamkorogee uji kwa sanaa?"

Nyumbani nilikuwa na nusu ndoo ya maji. Nilimpa yote. Alipokea bila kushukuru, akaenda zake, na ningekuwa yeye nisingeshukuru pia.