Jinsi Hedifoni za Matundu Zilivyotaka Kumkosesha Binti Yangu Kazi

Walisema kuna msichana alivaa hedifoni za kufunika masikio mwaka mzima, na siku alipozivua akawa haitiki hata ukimpigia debe mgongoni. Wengine wakasema aliitika, ila masikio yalikuwa yameota ukungu kama mkate uliosahauliwa. Aliyeniletea habari hizi ni jirani yangu Mama Pacha. Yeye alizipata saluni, na saluni walizipata kwa mtu ambaye hakutaka kutajwa. Nilijua ni uvumi. Lakini uvumi ni kama mbu, unamfukuza na anarudi sikio lile lile.

Nisingeujali kama binti yangu asingepata kazi ya masikio.

Huyu ni binti yangu wa mwisho. Tunamwita Kimya, maana tangu utotoni akisema maneno kumi kwa siku ujue ana homa. Alimaliza chuo akakaa nyumbani miaka miwili, mpaka nikaanza kuwaambia watu kwamba anapumzika. Ndipo ofisi moja ya usuluhishi wa ndoa ikampa mwezi wa majaribio. Mume na mke wenye ugomvi wanakaa na msuluhishi, mazungumzo yanarekodiwa kwa ridhaa yao, kisha Kimya anasikiliza nyumbani na kuyaandika kwenye kompyuta: nani kasema nini, neno kwa neno. Mtu akikohoa, uandike amekohoa.

Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, asisikie mtu mwingine. La pili, usipunguze neno wala usiongeze. Mwezi ukiisha salama anaajiriwa. Ukiharibika, kuna wengine kumi na mmoja wanaisubiri nafasi hiyo hiyo.

Basi tukaenda kununua hedifoni. Nilimsindikiza, hakuniomba. Muuza duka ni kijana mwenye ndevu, anaitwa Besi na kila mtu, nadhani hata na mama yake.

"Kwa kazi hiyo, mama, chukueni hizi zilizozibwa," akasema. "Sauti haitoki, haiingii."

"Na hewa je?"

"Hewa gani?"

"Ya masikio."

Besi akamtazama Kimya. Kimya akatazama dari.

Nikamweleza habari ya ukungu. Akasikiliza kwa adabu, mkono kwenye ndevu, halafu akashusha maboksi mawili. Bei yake ilikuwa ya kati, si ya kutupa wala ya kuuzia kiwanja. Moja nyeusi, moja za kijivu, na zote mgongoni zina matundu kama chujio la chai.

"Hizi mgongo wake uko wazi. Hewa inapita," akasema. "Lakini na sauti inapita, mama. Aliye karibu atasikia anachosikiliza, na yeye atamsikia aliye karibu. Nimesema, msije kunigombeza."

Moyo wangu ukatua. Nikiita ataitika, na kinachomwingia masikioni nami nitakijua! Ningetaka nini tena?

"Mama," Kimya akasema, "lile sharti la kwanza..."

"Sharti utalifuata masikio yakiwa mazima."

Besi akaturuhusu kwenda na zote mbili nyumbani siku tatu, turudishe moja ikiwa haijachubuka.

Sasa hapa nieleze vizuri, maana siku tatu hizo nilifanya kazi ya wataalamu. Za kijivu ni nyepesi. Nilizivaa nikipiga pasi, kikapu kizima, nikazisahau kichwani, nikamfungulia mlango msoma mita ya maji nikiwa nazo na waya unaning'inia. Ila kitambaa chake kinakwaruza ncha ya sikio. Sauti yake imejaa, muziki unapiga mpaka kifuani, lakini mtu akiongea ni kama yumo ndani ya tangi la maji na kifuniko juu. Nyeusi ni nzito, na zina mito laini ya mahameli isiyotoa jasho. Sauti ya mtu inakuja safi mno. Nilisikiliza mahubiri nikamsikia mhubiri akimeza mate kabla ya kutaja sadaka. Ubaya wake ni kubana. Baada ya saa moja taya zangu zilichoka kama nimetafuna muwa.

Mume wangu ni fundi saa. Yeye alirekodi saa ya ukutani kwa simu yake, akaisikiliza kwa zote mbili, macho amefumba.

"Za kijivu, saa imefunikwa blanketi," akasema. "Nyeusi, nasikia hata jino la gurudumu lililolika. Chukueni nyeusi."

"Zinabana, baba watoto."

"Kitu kinachobana kinapanuliwa."

Tukatafuta sufuria yenye ukubwa wa kichwa cha Kimya. Tulimpima kwa uzi, akiwa anakula. Tukaivalisha hedifoni kutwa. Ilipofika jioni zilikuwa zimelegea vizuri, na za kijivu zikarudi kwa Besi.

Kimya akaanza kazi sebuleni, kwa sababu dirisha la chumbani kwake linatazamana na mchomelea mageti. Mimi nikawa nakunja nguo kwenye kochi, hatua mbili kutoka mezani kwake. Sauti ilitoka kwenye yale matundu nyembamba lakini wazi, kama watu wenye urefu wa kidole wanagombana ndani ya boksi la kiberiti.

Kesi yenyewe siwezi kuisimulia. Nimeapa. Nitasema tu kulikuwa na mume, na mke, na kitu kimoja cha ndani ambacho kila mmoja alidai ni chake, na kwamba kitu hicho kina milango mi... Basi. Nimeshasema mengi.

Wiki ya pili Mama Pacha akaja kuazima pasi, akasikia, akakaa. Siku iliyofuata alikuja bila kisingizio, amebeba stuli yake.

"Wamefika wapi?" akaninong'oneza.

"Mume amekana."

"Mwongo huyo!"

"Mama, nawasikia," Kimya akasema bila kugeuka, vidole vinakimbia.

"Tunahesabu soksi, mwanangu."

Na kweli tulikuwa na soksi mapajani. Lakini nani atahesabu soksi wakati mke wa watu anaonewa mbele yake? Yule mke alikuwa na sauti ya kukwaruza kama yangu mimi. Nilimpenda. Nilitamani kumshika mkono. Kwa kuwa mkono haukufika, nikamsaidia kwa mdomo, na Mama Pacha akasaidia upande wake. Yeye sauti yake ni nene na ya kujiamini, utadhani ameajiriwa.

Kimya alikuwa na kurasa arobaini za kumaliza kabla ya saa tisa. Akamaliza bila muda wa kurudia kusikiliza, akatuma.

Kesho yake saa nne asubuhi simu ikalia. Kimya akasikiliza, akasema "ndiyo" mara tatu, akakaa chini sakafuni.

"Nini?" nikamuuliza.

Akanigeuzia kompyuta. Msuluhishi alikuwa ameyasoma yale maandishi mbele ya mume na mke, kama desturi yao, ili kila mmoja akubali kwamba ndivyo alivyosema. Maneno ya wenyewe nayaruka. Haya niliyoyaona ni ya kwetu, nami naruhusiwa kuyasema:

MKE: Mwachie, mwenzangu, utapata kingine kizuri zaidi.

MKE: Huyu kwa sauti tu unajua hanawi miguu.

MKE: Hii soksi mwenzake yuko wapi?

MSULUHISHI: Mwanaume wa namna hii dawa yake ni mwiko wa moto.

Mtoto alikuwa ameandika kila kilichomwingia sikioni, kama alivyofundishwa, na matundu yale hayakumwambia kipi kinatoka kwenye hedifoni na kipi kinatoka kwenye kochi. Mimi nikawa mke. Mama Pacha akawa msuluhishi. Mume wa watu alikuwa amesimama na kusema ofisi nzima imehongwa na shemeji zake.

"Ananitaka saa nane," Kimya akasema. "Nikisema ni nyinyi, nimevunja sharti la kwanza. Nikinyamaza, nimetunga maneno, nimevunja la pili." Siku hiyo alishapitisha maneno kumi mara mbili. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

"Saa ikisimama," mume wangu akasema akiwa anatafuta koti langu, "huipaki rangi. Nenda ukaifungue."

Nikaenda. Mama Pacha alisema angekuja, ila mapacha walikuwa na kikohozi. Wale mapacha wana miaka kumi na tisa.

Msuluhishi ni mama mrefu, miwani yake ina mnyororo. Kimya alifungua mdomo, nikamwahi.

"Maneno ya soksi ni yangu," nikasema. "Na ya miguu. Ya mwiko ni ya jirani. Hedifoni nilizichagua mimi, muuzaji alinionya na mtoto alinikatalia. Kosa lake ni kuwa na mama."

"Kwa hiyo ulisikia yote?"

"Si yote. Jirani alikuwa anaongea."

Akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo.

"Na wewe," akamwambia Kimya, "hukushangaa mimi kuzungumzia mwiko?"

"Nilishangaa," Kimya akajibu. "Lakini niliambiwa nisipunguze neno."

Msuluhishi akageukia dirishani, mabega yakamtikisika kidogo. Aliporudi uso ulikuwa mkavu. Akasema kazi nyingine za Kimya hazikuwa na kosa hata moja, lakini siri iliyovuja si mali yake yeye kuisamehe. Wenye siri walikuwa chumba cha pili. Angewachezea rekodi yenyewe, awaeleze ukweli, na wao ndio wangeamua.

Tukakaa kwenye benchi la ukumbini. Kimya hakunitazama. Miaka miwili ya kupumzika ilikuwa imekaa katikati yetu kama mtu wa tatu, nami nilihesabu vigae vya sakafu mpaka mia na nne.

Mlango ukafunguliwa. Mke akatoka wa kwanza, mfupi kuliko nilivyomfikiria.

"Ni wewe uliyesema nimwachie?"

"Ni mimi, dada. Nisamehe."

"Simwachii ng'o!"

Mume akachungulia nyuma yake. "Na miguu nanawa," akasema. "Kila siku. Muulize."

"Ananawa," mke akakubali. "Hilo ananawa."

Ndilo jambo la kwanza walilokubaliana tangu kesi ianze, msuluhishi alituambia baadaye, lakini alitukataza kujisifu. Wenyewe walisamehe kwa sharti kwamba mimi na Mama Pacha tuandike kiapo cha kutosimulia. Kimya naye afanyie kazi ofisini, chumba cha nyuma, mlango umefungwa, kwa hedifoni zao zilizozibwa. Na mwezi wake wa majaribio uanze upya, siku ya kwanza, kana kwamba zile wiki mbili hazikuwapo.

Leo ni siku ya kumi na tisa. Anatoka asubuhi, anarudi jioni, na jioni mimi huyachungulia masikio yake akiwa anakula. Ananiacha nichungulie. Sijui kama amenisamehe au amechoka.

Mzazi mwenzangu, epuka haya:

Kumchagulia mtu chombo cha kazi kabla ya kuuliza kazi yenyewe inataka nini.

Hedifoni za mgongo wazi kwa jambo la siri, hata sauti yake iwe safi namna gani. Hizo ni za muziki, mtu akiwa peke yake.

Kuzijaribu kwa wimbo mmoja dukani. Vaa saa nzima, sikiliza mtu akiongea, ndipo utajua kama zinabana.

Kuzipanua kwa sufuria. Zetu sasa anazivaa mume wangu, na zinateleza akiinama.

Kumdharau muuzaji anayekuonya, hasa anapokuonya usinunue.

Kukaa chumba kimoja na mtu anayeandika asikiacho, ukiwa na la kusema.