Heshima Anangoja Tibesti

Jumamosi, tarehe 17 Januari 2026. Asubuhi hiyo Husby, pembeni mwa Stockholm, kulikuwa na baridi ya nyuzi kumi na moja chini ya sifuri, na theluji laini ilianguka wima kwa sababu hapakuwa na upepo. Léontine alimaliza sala yake, akafunika sufuria ya maharage, akalikunja koti la mwanawe na kulitia kwenye mfuko pamoja na viatu vya baridi. Kwenye ngazi alikutana na Akeyo, Mkenya wa ghorofa ya tatu, ameshika kopo tupu la kahawa.

“Mama Heshima! Leo pia unaenda milimani? Si uniletee magadi. Yale ya mwisho yameisha, na kupika mrenda bila magadi, aki, ni adhabu.”

“Nitaleta, Mungu akipenda.”

“Na uchague meupe. Ya juzi yalikuwa na mchanga, mzee wangu karibu apoteze jino.”

“Akilipoteza si atanyamaza?”

“Huyo? Ataongea na ufizi.”

Treni ya mstari wa buluu huishia Akalla, lakini Jumamosi haiishii pale. Sauti ya spika husema hapa ndipo mwisho, abiria wote washuke, na wenye shughuli zao Akalla hushuka. Wanaokwenda Tibesti hubaki wamekaa. Tiketi ni ile ile. Baada ya handaki refu mwanga huingia mkali, watu huvua makoti, na mbele yao husimama milima ya volkano katikati ya jangwa, myeusi, bila mti hata mmoja. Kwenye ramani milima hiyo iko kaskazini mwa Chadi.

Kikundi cha maombi cha kanisa lake hupenda kwenda huko. Hubeba chupa za chai na soseji za kuchoma, hutembea mpaka kwenye shimo la volkano ambalo chini yake ni jeupe kwa magadi, huimba na kupiga picha. Wengi wao ni watu wa Goma, mji wa Kongo ulio chini ya volkano. Huyakanyaga mawe yale bila kutazama chini, maana kwao walijenga kuta za nyua kwa mawe ya namna hiyo hiyo.

Léontine hakuwa akienda kuimba. Alikuwa akienda kumwona mwanawe.

Heshima alifia huko, kwa kiu, akiwa na miaka kumi na saba. Mama yake alikuwa amekwisha kuletwa Sweden kwa ndege kutoka kambi ya wakimbizi Uganda. Kijana alifuata kwa njia ya jangwa pamoja na baba yake mdogo, Onésime. Gari lao likaharibikia chini ya milima, na gari jingine lilipopita lilikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Onésime alipanda. Alimwambia kijana akae kwenye kivuli cha jiwe, asitoke mpaka arudi kumchukua. Kisha Onésime akafika Libya, akavuka bahari, akafika Stockholm, akapata karatasi, akapata kazi ya kuendesha basi, na sasa ni mzee wa kanisa. Heshima hakutoka kwenye kivuli.

“Twende nyumbani, mwanangu,” Léontine humwambia kila anapokwenda.

“Nikitoka, mama, baba mdogo atakuja asinione. Atasema mimi ni mkaidi.”

Léontine mwenyewe ndiye aliyemlea hivyo.

Hataki mengi. Anataka mtoto afike nyumbani, akae sebuleni siku moja, watu wamwimbie, kisha aende kwa Mungu kama wafu wengine. Hata katika darasa la jioni, mwalimu wa Kiswidi alipompa kitenzi cha kungoja akitungie sentensi, aliandika: mwanangu aliyekufa anangoja mlimani. Mwalimu alisahihisha herufi moja, akaweka alama ya vema.

Jumatano iliyotangulia, kwenye maombi, wakati wa kutaja mahitaji ulipofika, wengine waliomba afya, wengine kazi. Léontine alisimama.

“Naomba shemeji Onésime apande treni Jumamosi, amwambie Heshima neno moja tu: twende.”

Onésime alikohoa. “Shemeji, mgongo wangu unaujua.”

“Treni ina viti.”

Mtu mmoja nyuma alicheka. Kiongozi akafunga kwa sala, wote wakaitikia Amina, na baada ya Amina mzee wa kanisa hana pa kukimbilia.

Kwa hiyo Jumamosi hiyo Onésime alikuja. Alivaa suti na koti zito la sufu, akawasalimu wote behewani kwa majina, akagawa maandazi ya mkewe. “Bon, kuleni, jangwani hakuna duka,” alisema, na watu wakacheka.

Treni iliposimama watu walishuka na chupa zao. Léontine alishuka na mfuko wake. Onésime alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye nguzo. Joto lilimpiga usoni, lakini koti hakulivua.

Heshima alikuwa amekwisha kuinuka. Tangu aanze kumtembelea, Léontine hakuwahi kumwona amesimama. Midomo yake ilikuwa imepasuka, miguuni alikuwa na ndala. Alisogea hadi ukingoni mwa kivuli, akatoa mguu mmoja juani.

“Baba mdogo! Umefika. Nilikuwa nawaambia wote kwamba utafika.”

Watu wa kikundi walisimama wakisubiri. Dereva naye hakufunga milango. Léontine alilitoa koti mfukoni na kulikunjua.

“Sema tu, shemeji. Neno moja.”

Onésime alimtazama kijana, akautazama mchanga uliokuwa kati yao. Haukuwa mwingi. Kisha akalitazama koti.

“Hilo umelitoa wapi?”

“Duka la mitumba, Kista. Ni zima kabisa.”

“Mitumba?” Alilisema kwa sauti, wa mbali pia wasikie. “Shemeji, unataka watu watucheke?”

“Wafu hawachekwi kwa koti. Sema, milango itafungwa.”

Onésime aliinua mkono wa kulia, kama afanyavyo akiongoza sala. “Mwana wa marehemu kaka yangu haingii Stockholm na koti alilolivaa mtu mwingine. Ndugu zangu, ninyi nyote ni mashahidi wangu, na Mungu pia: Jumamosi ijayo nakuja na koti jipya, nalinunua mimi mwenyewe, na siku hiyo namchukua mtoto.”

“Amina,” wakasema mashahidi, kwa sababu lilikuwa limesemwa vizuri, na Heshima akaurudisha mguu wake kivulini.